Kioo Namba Saba

Jumanne, 3 Aprili 1956

Mboni amenipa daftari hili akasema niandike hasira zangu humu badala ya kuzileta nyumbani. Mke wangu ana maneno. Basi naandika, saa kumi jioni, kabla sijafunga mlango wa maabara, na hasira ya kwanza ni kwamba mvua hakuna.

Mvua inanihusu kuliko inavyomhusu mkulima. Kazi yangu ni kusoma vioo. Ng'ombe akishukiwa ugonjwa huko mashambani, anachomwa sindano kwenye tezi la shingo, linatolewa tone, tone linapakwa kwenye kioo chembamba, kioo kinatiwa rangi, kisha mimi Ishak Darweshi nakiweka chini ya hadubini. Nikiona kijidudu cha ndigana, ule ugonjwa wa kupe, ndani ya seli, naandika msalaba kwenye kadi. Nisipokiona, mstari. Daktari Hollis anatia sahihi. Zamani alikuwa akiangalia kila kioo mwenyewe. Mwaka huu haangalii tena, anasema jicho langu linamtosha, na ameliandika jina langu kwa kozi ya mwezi wa saba. Najua kujisifu si kuzuri, lakini daftari ni langu.

Sasa, ile rangi haikubali maji yoyote tu. Maji ya bomba ya Nakuru yana magadi, ndiyo yanayowatia watoto wa hapa meno ya kahawia. Rangi ikichanganywa nayo inageuka bluu ya kupita kiasi. Kwa hiyo tunatumia maji ya mvua, ya pipa lililo chini ya mfereji wa paa, na Chepkemboi, mama anayefagia na kuosha vyombo, ndiye anayeijaza ile chupa kubwa ya mezani. Mzee Wamalwa, aliyenifundisha kazi hii kabla hajastaafu, alikuwa na kipimo kimoja: kabla ya kuchanganya, piga funda. Maji ya mvua hayana ladha. Ya bomba yanaacha chumvichumvi ulimini. Wageni hucheka wakiniona nikionja, lakini sijawahi kuharibu kioo hata kimoja.

Pipa limebaki chini ya nusu.

Ijumaa, 6 Aprili

Jua kali. Pipa linashuka.

Jumatatu, 9 Aprili

Hakuna vioo vilivyoletwa. Daktari alikuwa na nafasi, akampasua panzi, akatia tone la rangi ya kijani hafifu sana, akaniita niangalie seli zikiwa bado hai. Seli zangu za kila siku ni maiti, nimezikausha kwa spiriti. Hizi zilikuwa hai. Katikati kiini, mviringo, kimetulia. Kandokando, ndani ya ute, vijiuzi vifupi vya kijani vikitikisika. Daktari akasema hivyo vijiuzi ndivyo vinavyochoma chakula na kuipa seli nguvu. Kiini kinashika maagizo ya kila kitu kitakachotengenezwa, na ule utando wa nje unachagua nini kiingie na nini kitoke.

"Ishak, kila kitu ndani iko na kazi yake," akasema kwa Kiswahili chake. "Hakuna kitu ya bure."

Nilikaa pale mpaka vijiuzi vikaacha kutikisika. Miaka mitano nimekuwa nikiingia kwenye seli kama askari anayetafuta mwizi ndani ya nyumba ya watu. Sikuwahi hata siku moja kujiuliza wenye nyumba ni akina nani na wanafanya nini humo.

Alhamisi, 12 Aprili

Ramadhani imeingia. Maji ya chupa leo sikuonja, bila shaka. Niliyainua kwenye mwanga wa dirisha, nikayaona safi, nikachanganya rangi. Vioo vilitoka vizuri.

Jumamosi, 14 Aprili

Jua. Kichwa kinanigonga kuanzia saa nane.

Alhamisi, 19 Aprili

Nimemfokea Chepkemboi, na ninaandika kwa sababu ndivyo nilivyoahidi.

Niliingia asubuhi nikakuta chupa ya mezani tupu na vioo tisa vya mashamba ya Bahati vinangoja. Nikamwita.

"Pipa imekauka, Bwana Ishak," akasema. "Imebaki tope tu."

"Habari za pipa sitaki kusikia! Mimi nikiingia hapa nataka nikute chupa imejaa. Kazi yako ni ipi kama si hiyo?"

Alichukua chupa akatoka, na nilimwona mabega yake yameshuka. Umri wake ni wa mama yangu mdogo. Njaa ni kisingizio kibaya, nami nilikitumia. Vioo vya Bahati nimevirudisha kwenye spiriti, vingoje.

Ijumaa, 20 Aprili

Chupa imejaa. Kumbe kelele zinasaidia. Jana jioni yalidondoka manyunyu, naona alikinga ya kutosha.

Bahati: saba kati ya tisa wana msalaba. Sijapata kuona ndigana nyingi namna hii kwa mara moja.

Jumatatu, 23 Aprili

Leo nilipelekwa Dundori kwa gari la maabara. Kuna shamba la Mzungu huko juu, na kuna mfanyakazi wake, Mzee Kiplangat, ambaye mkataba wake unamruhusu kulisha ng'ombe wake mwenyewe kumi na mmoja kwenye kona ya shamba. Ndama wake wawili walikufa mwishoni mwa Machi. Mwenye shamba anaogopa kwa ajili ya mifugo yake ya maziwa, na amesema wazi mbele yangu na mbele ya mzee: ikipatikana zaidi ya nusu wana ndigana, wote kumi na mmoja watapakiwa waende kichinjioni. Na mtu asiye na ng'ombe, akasema, hana haja ya ile kona ya malisho wala ile nyumba.

Kwa hiyo si ng'ombe tu. Ni mzee, mkewe na makao yao, vyote kwenye kadi zangu.

Kiplangat ni mrefu, mkavu, masikio yametobolewa, anaongea kama mtu anayepima kila neno kabla ya kulitoa. Aliwashika ng'ombe mwenyewe, hakutaka kamba. Nilichoma tezi moja baada ya jingine, nikapaka vioo viwiliviwili kwa kila ng'ombe, kimoja cha kutiwa rangi na kimoja cha akiba. Namba nne alikuwa na joto na tezi limevimba wazi. Namba saba alikuwa mwekundu mwenye paji jeupe, mimba yake iko karibu. Huyu alipochomwa aliweka kichwa begani kwa mzee na kutulia hapo.

"Huyu mama yake alikuwa ya mama yangu," akasema Kiplangat. "Sisi tumetoka mbali na yeye."

Tulipomaliza mkewe alileta kibuyu cha maziwa. Nikasema siwezi, nimefunga. Yule mama akakunja uso kidogo. Mzee akaniangalia kwa muda.

"Mpaka lini?"

"Mwezi uandame. Kama siku kumi na tisa hivi."

"Basi utakunywa siku yako ikiisha," akasema, akakifunga kibuyu. Nilimpenda kwa hilo.

Jumanne, 24 Aprili

Vioo vya Dundori.

Nitaandika nilivyofanya, maana leo nina wasiwasi usio na jina. Kwa kawaida kila fungu la vioo linaongozana na kioo cha shahidi. Ni kioo cha Malkia, ng'ombe mzima wa hapa maabara, kinatiwa rangi pamoja na vya wagonjwa, ili nikiona jambo la ajabu nijue kama ni la ugonjwa au ni la rangi yangu. Leo sikumtia Malkia. Nilikuwa nayabania maji, kichwa kilinigonga, na jicho langu, nilijiambia, halihitaji shahidi.

Rangi ilitoka nzito. Nikaosha, nikakausha, nikaangalia. Namba moja: seli kubwa, ute wake bluu, na ndani ya ule ute, kando ya kiini, vidonge vya zambarau nyekundu. Hivyo ndivyo kijidudu cha ndigana kinavyokaa, donge la bluu lenye nukta nyekundu, kimejibanza ubavuni mwa kiini. Msalaba. Namba mbili, msalaba. Namba nne, msalaba, humo nukta zilikuwa nyingi mno. Namba saba nilimwangalia mara tatu. Seli nyingi zilikuwa safi, chache zilikuwa na vidonge vinne au vitano. Nikasema ndiyo mwanzo wa ugonjwa. Msalaba.

Nane kati ya kumi na mmoja.

Nikazipeleka kadi kwa Daktari. Akatia sahihi bila kuinua kichwa. Nilitaka aseme, "Hebu tuangalie." Hakusema, wala mimi sikumwomba.

Alhamisi, 26 Aprili

Barua imetoka kwa mwenye shamba. Lori litapanda Dundori Jumatatu ya tarehe 14 Mei.

Ijumaa, 27 Aprili

Mvua! Ilianza saa saba, mabati yalinguruma hata simu haisikiki. Pipa lilijaa ndani ya saa moja na sasa linafurika uani. Nilisimama mlangoni kama mtoto.

Jumatano, 2 Mei

Mvua. Mashamba ya Solai yameleta vioo sita. Vyote sita, msalaba. Daktari anasema mvua zimewaamsha kupe. Lakini vioo hivi vilipakwa kabla ya mvua.

Ijumaa, 4 Mei

Mvua. Bluu tena. Macho yananiuma. Mboni anasema nimeanza kuongea peke yangu nikifuturu.

Jumatatu, 7 Mei

Kiplangat alikuja. Ametembea kutoka Dundori kwenye tope, na kwenye kizuizi cha barabarani, cha hii Hali ya Hatari, askari walimkalisha kwa saa mbili wakikagua karatasi zake. Alisimama mlangoni akichuruzika maji na hakukubali kukaa.

"Daktari," akaniambia, nami sikumsahihisha, Mungu anisamehe. "Namba nne imekufa, wiki iliyopita. Hiyo sina maneno. Lakini hizi ingine zinakula nyasi. Namba saba amezaa juzi, ndama mzuri, na maziwa iko. Wewe uliniambia hii ugonjwa inaua kwa wiki mbili, tatu. Leo ni wiki mbili. Mbona hazifi?"

Nikasema wengine hupona, na aliyepona anabaki na ugonjwa mwilini. Ni kweli, imeandikwa. Lakini saba wapone, wote, bila hata homa? Nilijisikia nikisema maneno kama ninasoma ukutani.

"Nionyeshe," akasema.

Nikamwekea kioo namba saba. Alikunja ule urefu wake wote, akaziba jicho moja kwa mkono.

"Hii ndiyo ng'ombe yangu?"

"Ni seli zake. Ile duara kubwa ni kiini. Vile vidonge vyekundu kando yake ndio ugonjwa."

Akaangalia muda mrefu mpaka nikaanza kukasirika, na hasira hiyo ilikuwa woga.

"Hii ugonjwa imekaa vizuri sana," akasema hatimaye. "Kama inaishi hapo."

Akaaga akaenda. Saa ya kufunga maabara imepita na bado nimekaa na kalamu mkononi. Nilitamani anitukane.

Jumanne, 8 Mei

Mvua. Sikuwa na kazi, nikamuuliza Daktari habari za ndani ya seli, kwa kujizungusha tu. Alifurahi, akatoa jarida lililofika kwa meli. Huko Ulaya, akasema, mwaka jana wametangaza kwamba ndani ya seli kuna vifuko vidogo mno, vimejaa maji makali ya kuyeyusha. Seli ikimeza kitu, vifuko hivyo ndivyo vinavyokisaga. Navyo vikipasuka ovyo, seli inajila yenyewe. Nikasema kumbe kila mmoja wetu anatembea na stoo ya sumu, akacheka.

"Sisi tunaweza kuviona?" nikauliza.

"Pengine. Kwa seli nyeupe zingine wewe taona vidonge, nyekundu kidogo. Mimi nafikiri ndiyo hiyo, lakini bado hapana hakika."

Vidonge vyekundu. Nilirudi mezani nikaketi. Nimeviona vidonge hivyo mara elfu katika ng'ombe wazima, vichache, hafifu, kwenye ute mweupe, wala havikunishughulisha. Vya Dundori vilikuwa kwenye ute wa bluu. Bluu ndiyo iliyonifanya niseme kijidudu. Na bluu inatoka wapi?

Inatoka kwa kijidudu. Au inatoka kwenye rangi. Na rangi inaharibiwa na maji. Lakini maji ni ya mvua, pipa linafurika naliona kwa macho yangu.

Ningeweza kumtia Malkia rangi leo hii na kumaliza. Nilishika mpaka kisanduku cha vioo vyake. Nikakirudisha. Nikajiambia nina njaa, nitafanya kesho. Naandika ukweli: sikutaka kujua.

Alhamisi, 10 Mei

Sikumtia. Simu ya Dundori imekatika kwa mvua.

Jumamosi, 12 Mei, Idi

Naandika saa tano asubuhi.

Tuliswali, nikala kaimati za Mboni mpaka akaniondolea sahani, nikaja maabara kwa nusu saa tu kuwalisha sungura. Kanzu mpya, kifua mbele. Kaimati zikanitia kiu. Chupa kubwa iko mezani, imejaa, nikamimina kikombe nikanywa kama mtu aliyetoka jangwani.

Chumvi.

Nilisimama na kikombe mkononi. Nikanywa funda la pili, polepole. Magadi matupu, yamebaki ulimini vilevile alivyokuwa akisema Mzee Wamalwa. Nikatoka kwenye mvua na kanzu yangu, nikachota pipani kwa kiganja. Hayana ladha kabisa.

Chepkemboi alikuwa ananing'iniza matambara jikoni.

"Mama, hii chupa unajaza wapi?"

"Bomba." Akaniangalia kwa uangalifu, anavyoniangalia siku hizi. "Si wewe ulisema hutaki habari ya pipa? Ulisema ukute imejaa. Mimi nikajaza bomba kila asubuhi."

"Hata mvua iliponyesha?"

"Hukuniambia niache."

"Na hukusikia kwamba yana chumvi?"

"Chumvi gani? Hii ndiyo maji nimekunywa tangu nizaliwe." Akatabasamu kidogo, na meno yake ya kahawia yakaonekana, na mimi nikafikiri nitalia. Hakuwa na kosa hata la ukucha. Alifanya lile lile nililompigia kelele alifanye.

Nikafungua daftari hili nikarudi nyuma. Tarehe 19 nilimfokea. Tarehe 20, chupa imejaa, kumbe kelele zinasaidia. Tarehe 24, vioo vya Dundori. Nimeyaandika yote mwenyewe, kwa mwandiko mzuri.

Saa tisa

Nimemtia Malkia rangi kwa maji ya chupa. Malkia ambaye hajaugua maisha yake yote. Seli kubwa, ute bluu, kando ya kiini vidonge vya zambarau nyekundu. Kama ningeletewa bila jina, ningeandika msalaba.

Kisha nikatoa vioo vya akiba vya Dundori, nikachanganya rangi mpya kwa maji ya pipa, baada ya kuonja mara tatu. Nikamtia Malkia tena pamoja nao. Safari hii ute ulitoka mweupe wa samawati, viini vyekundu-zambarau, vimechorwa vizuri. Namba nne: madonge yenyewe, ya bluu, yamejaa nukta, hayana ubishi. Wengine kumi hawana kitu. Wana vile vidonge vichache tu, hafifu, kila kimoja mahali pake, vinafanya kazi yao ya kusaga.

Namba saba nilimwangalia mwishoni. Safi. Nilimkuta mwenye nyumba amekaa kwake nikamwita mwizi.

Kadi za Bahati na Solai pia ni zangu. Jumla vioo ishirini na sita, ukiondoa vya baada ya hapo ambavyo bado sijavihesabu. Lakini ng'ombe wa huko wametengwa malishoni tu. Lori ni la Dundori, na ni keshokutwa.

Nilikimbia mpaka nyumbani kwa Daktari. Mpishi wake akaniambia amekwenda Naivasha kuvua samaki, atarudi kesho. Mboni alikuwa ameniwekea pilau. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Hakusema neno la mzaha. Akasema tu, "Kula kwanza, kesho utahitaji miguu." Sikuweza kula.

Jumapili, 13 Mei

Nilimngoja barazani kwake tangu asubuhi. Alifika saa kumi, viatu vimejaa matope, anacheka. Akaniona, akaacha kucheka.

Nilisema bila kuzunguka. Nilisema maji, nilisema shahidi niliyemwacha, nilisema Jumanne iliyopita nilishuku nikanyamaza. Hilo la mwisho lilinitoka kwa shida kuliko yote. Tukaenda maabara. Akaangalia Malkia wa maji ya chupa, akaangalia Malkia wa maji ya pipa, akaangalia vioo kumi na kimoja vya Dundori, kimoja kimoja. Hakuinua kichwa kwa zaidi ya saa nzima.

"Kwa nini wewe hapana onja?"

"Nilikuwa nimefunga."

"Na mimi?" akasema taratibu. "Mimi hapana funga. Mimi hapana angalia."

Sikutegemea hilo. Nilikuja nimejiandaa kwa matusi, na uso wake ukawa wa mtu mzima aliyechoka. Akaandika barua kwa mwenye shamba: mmoja tu alikuwa mgonjwa naye amekufa, kumi ni wazima, lori lirudi. Akatia sahihi. Kisha akachukua karatasi ya kozi, akalikata jina langu kwa mstari mmoja. Kuanzia kesho nitaosha vioo, hatasoma mtu mwingine ila yeye, mpaka atakapoona vinginevyo. Nikasema sawa. Ni haki, ingawa imeniuma, na siwezi kujifanya haikuniuma.

Simu bado imekatika. Gari la maabara haliwezi ule mlima kwa tope hili. Kuna lori la kuchukua makopo ya maziwa linalopanda alfajiri, lina minyororo kwenye magurudumu. Nitapanda hilo.

Jumatatu, 14 Mei

Naandika Dundori, nimekaa kwenye kopo la maziwa lililopinduliwa, nikingoja lori la kurudi. Nataka yaandikwe hapa, si nyumbani.

Kizuizini askari walisoma barua ya Daktari mara mbili, wakaigeuza wakaitazama na nyuma, wakatuachia. Nusu ya mlima, minyororo na yote, tukazama. Nikashuka nikatembea. Tope lilikuwa la magotini, barua nimeifunga kwenye kitambaa kifuani. Kwenye kona ya pili nililikuta lori jingine, tupu, la kichinjioni, limelala ubavu kwenye mtaro. Dereva ameketi juu ya bodi akivuta sigara. Nilifurahi, wallahi, nilicheka kwa sauti peke yangu barabarani. Nilikuwa nimeliwahi.

Nilimpa mwenye shamba barua mlangoni kwake. Akaisoma, akasema, "Basi," akafunga mlango. Nikashuka mbio mpaka ile kona ya malisho.

Ng'ombe walikuwa nje wakila. Nikahesabu. Tisa, na ndama mmoja mwekundu anayelia peke yake uani. Nikahesabu tena.

Kiplangat alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha nyumba, mikono juu ya magoti. Nyuma yake ngozi nyekundu ilikuwa imetandazwa chini kwa vigingi, na upande wa kichwa kulikuwa na paji jeupe.

"Lori imefika?" akauliza.

"Haliji, mzee. Limerudishwa. Ng'ombe wako ni wazima."

Mkewe alitoka ndani, akasimama.

"Huyu sikutaka apande lori," akasema mzee. "Asukumwe na watu hawajui jina lake. Nikamaliza mimi mwenyewe leo asubuhi, kwa mkono yangu, hapa kwake." Kisha akainua macho. "Alikuwa mgonjwa?"

Njia ya kutokea ilikuwepo. Ningeweza kusema huyo ndiye aliyekuwa na dalili kidogo, na mzee angepumzika, nami ningepumzika. Nilimwona anaingoja.

"Hakuwa mgonjwa," nikasema. "Lilikuwa kosa langu. Maji niliyotumia yalikuwa mabaya, na sikuyaonja. Alikuwa mzima tangu siku ile ya kwanza."

Mkewe alitoa sauti, akageuka akaingia ndani. Nilisimama pale na tope mpaka kiunoni, ndama akilia. Niliona afadhali anipige.

Baadaye mzee akaingia nyumbani, akatoka na kibuyu.

"Siku yako imeisha?"

"Imeisha, mzee."

"Nilikuambia utakunywa." Akakifungua, akaninyooshea kwa mikono miwili. "Ni ya huyo. Ya jana jioni. Hakuna ingine tena."

Nilitaka kukataa. Sikuwa na haki ya kukataa.

"Onja," akasema.

Nikapokea. Yalikuwa mazito na matamu, na niliyanywa mpaka mwisho, mbele yake, naye akinitazama kila funda.